Nani Analipa Kodi?

Mimi hulala sebuleni. Nakwambia mapema, msomaji, usije ukadhani unasoma maneno ya mtu mwenye meza yake na taa yake. Nina miaka 31, digrii moja, na godoro la futi mbili na nusu ambalo mchana husimamishwa nyuma ya mlango. Nyumba ni ya wazazi, Temeke. Sebule ikiwa na watu mimi sina chumba, na sebule yetu ina watu mpaka tamthilia ya mwisho iishe.

Ndiyo maana nimekuwa mtazamaji wa lazima. Wenzangu wanaangalia tamthilia kwa kuzipenda, mimi naziangalia nikisubiri ziishe nitandike. Mama anazipenda kweli kweli. Mdogo wangu wa kike anawajua hata waigizaji wanaopita tu na sinia la juisi. Baba hujifanya anasoma gazeti, lakini hebu gusa rimoti uone. Tangu nimalize chuo nimekaa pembeni ya kochi lile miaka 7. Mtu akikodolea macho kitu kwa miaka 7, hata kama ni ukuta, nadhani amepata haki ya kukihakiki.

Mama ndiye aliyenipa swali la kuhakikia. Shuleni tulifundishwa kutafuta dhamira, migogoro, falsafa ya mwandishi, fani na maudhui mpaka kichwa kinauma. Mama hana hayo. Kijana akitokea kwenye skrini, anashuka ngazi za jumba, shati limenyooka, anamwaga maneno ya asali kwa mpenzi wake, Mama anauliza huku anachambua mchele: "Huyu naye anafanya kazi gani?" Tukikosa jibu anaongeza: "Na hiyo nyumba, nani analipa kodi?"

Nimelichukua swali lake nikalipeleka kwenye kila mchezo niliouona, wa kwetu na wa wageni. Nilichokikuta ni hiki. Tamthilia zetu zinampenda sana kijana, kila usiku yupo mbele ya kamera, ila zinairuka miaka yenyewe anayoishi. Tunamwona na sare ya shule. Tunamwona na suti ya harusi. Hapo katikati, kati ya cheti na chumba cha kupanga, filamu imekatwa.

Mtaani hapo katikati pana jina: kula kulala. Ni jina la dharau na anayeitwa hivyo huwa analijua kabla hajaitwa. Serikali nayo ina majina yake. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 inasema kijana ni mtu wa kati ya miaka 15 na 35. Piga hesabu mwenyewe: kuna miaka 17 ambayo wewe ni mtu mzima ukifikishwa mahakamani, na kijana ukisimama mbele ya sera. Mwanaanthropolojia mmoja wa Msumbiji, Alcinda Honwana, aliandika mwaka 2012 kitabu kizima juu ya ujana huu wa kungoja, akiwa amezungumza na vijana wa Msumbiji, Senegal, Afrika Kusini na Tunisia. Anasema kungoja huku kulikuwa kivuko kifupi, sasa kwa wengi ndiyo maisha yenyewe. Na anasema jambo ambalo jina letu la kula kulala linalificha: hao wanaongoja hawajakaa. Wanauza, wanabeba, wanajitolea maofisini bila mshahara, wanazunguka na bahasha ya kaki mpaka pembe zake zinachanika. Mimi mwenyewe siku nikilala mpaka saa mbili asubuhi ujue ninaumwa, maana sebule inafagiliwa saa kumi na mbili.

Baba hakupita huku. Aliajiriwa kiwandani mwaka 1982, ana miaka 22, akapanga chumba mwezi uleule, mwaka uliofuata akaoa. Haya yote anayasema kama mtu anayesimulia alivyovuka barabara. Halafu ukaja mkataba wa 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa, viwanda na mashirika ya umma yakaanza kupunguza watu, na mlango ule alioingilia Baba ukafungwa nyuma yake. Yeye mwenyewe alipunguzwa katikati ya miaka ya 1990. Leo ukitaka chumba Dar mwenye nyumba anadai miezi 6 mkononi, wengine mwaka, na dalali wake mwezi mmoja wa kwake. Yaani kabla hujalala usiku wa kwanza unatakiwa uwe umeshalipa miezi 7. Hapo bado hujanunua ndoo.

Sasa twende kwenye televisheni.

Bara tulianza kuwa na vituo vyetu vya televisheni mwaka 1994 (Zanzibar walitutangulia kwa karibu miaka 20, na kwa rangi). Mwaka huohuo, Septemba, Marekani walianza kuonyesha Friends. Nimeiona karibu yote, ya kunakili, ukubwani. Inaanza na bibi harusi aliyekimbia ndoa, Rachel, anaingia kwenye mgahawa na gauni lake la harusi, na kabla sehemu ile ya kwanza haijaisha anazikata kwa mkasi kadi za benki ambazo baba yake ndiye anayezilipia. Mtu mzima anazaliwa pale kwa mkasi. Watazamaji wamelicheka kwa miaka lile jumba la Monica, mpishi tu anawezaje kupanga nyumba pana kiasi kile katikati ya New York? Jibu limo ndani ya mchezo wenyewe: nyumba ni ya bibi yake, kodi ni ya zamani, na Monica anakaa kwa jina la bibi kinyume cha mkataba. Nilipolisikia nilicheka peke yangu. Kumbe naye anakaa kwa bibi! New York wanaita vichekesho, Temeke wangemwita jina lake.

Girls, ya 2012, ni kali zaidi. Lena Dunham aliiandika na kuicheza mwenyewe, hakuwa amefika hata miaka 26. Tukio la kwanza kabisa ni mezani: wazazi wa Hannah, maprofesa kutoka Michigan, wamemtoa binti yao wa miaka 24 kwenda kula, na katikati ya chakula wanamwambia kuanzia leo hela basi. Amekuwa akijitolea ofisini kwa zaidi ya mwaka bila malipo na wao ndio wamekuwa wakilipa kodi. Mchezo umeanza na swali la Mama! Nilimtafsiria, akasema, "Hao wazazi wana roho ngumu," halafu akanyamaza kidogo, akasema, "Lakini wanazo."

Hapo Mama aliweka kidole mahali ambapo wahakiki wengi wa Girls hawakuweka. Hannah akianguka anaangukia Michigan. Sisi wengine hatuwezi kukatiwa hela kwa sababu hakuna hela inayotumwa. Tunaotakiwa kutuma ni sisi. Mzazi wa hapa hana pensheni ya maana, pensheni yake amekuzaa na amekusomesha, na kila mwaka unaochelewa wewe anachelewa yeye. Ndiyo maana kungoja kwetu hakuwezi kuandikwa kama safari ya mtu mmoja kujitafuta. Ni deni, na anayekudai analala ukuta wa pili, unamsikia akikohoa.

Ila mchezo ulionifungua macho unatoka China, tena kwa njia ya kuzunguka. Wengi mtaikumbuka Doudou na Mama Wakwe Zake. TBC waliionyesha kuanzia 2011, Wachina wakizungumza Kiswahili safi, na nyumba nzima tulikuwa tunamwigiza mama mkwe. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja kwenye hotuba yake. Mao Doudou ni muuguzi wa Beijing, anaolewa na Yu Wei, kijana ambaye kwa macho ya kwao amechelewa kuoa, na kwa kuwa wazazi wa mume walikwishaachana na baba ana mke mwingine, Doudou anapata mama wakwe zaidi ya mmoja. Ni kichekesho cha nyumbani, kizuri, hakina ubaya. Mchina anayetuletea mchezo ule anatwambia: tazameni, nasi tunagombana na wakwe kama ninyi.

Anayemcheza Doudou anaitwa Hai Qing. Miaka kadhaa baadaye rafiki yangu aliyesoma kule alirudi na flashi, ndani yake mna mchezo mwingine wenye uso uleule, wa mwaka 2009, mwaka mmoja tu kabla ya Doudou. Unaitwa Woju, maana yake makazi ya konokono. (Konokono ana nafuu, yeye nyumba yake anatembea nayo.) Huu hatukuletewa kwa Kiswahili, nikausoma kwa maandishi ya Kiingereza chini ya skrini, usiku, kwenye kompyuta ya kuazima, sauti nimeifunga ili nisiamshe watu.

Humo Hai Qing ni Haiping, msomi wa chuo kikuu aliyebaki jijini na mumewe. Wanakaa chumba kimoja kidogo kwenye nyumba kuukuu ya kupangisha, jiko wanagombania na majirani. Wana mtoto, lakini mtoto yuko kwa bibi yake mbali, kwa sababu chumba hakimtoshi. Wanaweka akiba ya kununua nyumba. Kila wakihesabu, akiba imepanda kidogo na bei imepanda zaidi. Basi. Hiyo ndiyo injini ya mchezo: namba mbili zinazokimbizana na moja haitaifikia nyingine. Haiping ni mkali, mchoyo, anamsimanga mume kwa vitu vya senti, na hakuna mtu anayetwambia tumchukie. Tunaonyeshwa namba, ukali tunauelewa wenyewe.

Halafu mdogo wake, Haizao, anataka kumsaidia dada yake kupata fedha za kuanzia. Anamwendea ofisa mkubwa wa jiji. Mengine unayajua: mkopo, chakula cha jioni, gari, nyumba ya siri. Binti na mzee mwenye pesa. Hadithi hii tumeiona mara elfu kwenye michezo yetu na kila mara tumeambiwa ni tamaa. Woju inakuonyesha ankara. Unaweza kurudi nyuma tukio kwa tukio mpaka kwenye kile chumba na useme, hapa ndipo alipoanguka, kwa shilingi kadhaa, si kwa ushetani.

Sasa chukua Shuga, ule mfululizo wa kwanza uliopigwa Nairobi na kutoka mwaka 2009, mwaka uleule wa Woju. Ayira, anayechezwa na Lupita Nyong'o kabla dunia haijamjua, ni msichana mwenye akili na haraka ya maisha, naye ana uhusiano na mwanamume mkubwa anayeweza kumfungulia milango. Lupita anacheza vizuri mno. Macho yake yanajua bei ya kila kitu. Lakini mchezo wenyewe haumwulizi bei. Unamwuliza kama anatumia kinga, kama amepima. Haya ni maswali ya haki, watu walikuwa wanakufa, na fedha za mchezo zilitoka kwa waliotaka maswali hayo yaulizwe. Tatizo ni kwamba kijana wa mfadhili ana mwili tu, kodi hana. Ukimwangalia sana unadhani mtu akishapima, akatoka kwenye ile hospitali na karatasi yake mkononi, anakwenda mahali. Anakwenda wapi? Anakaa kwa nani?

Siri ya Mtungi ya 2012 na 2013 nayo ilikuwa na fedha za Wamarekani na ujumbe wa afya, lakini lazima niitolee kofia. Waliitoa kamera sebuleni wakaipeleka Bagamoyo, kwenye jua, kwenye vichochoro, baharini. Cheche ni mpiga picha, na unamwona akipiga picha. Jamani, mhusika wa tamthilia yetu anafanya kazi mbele ya macho yetu! Siku hizo Mama hakuuliza swali lake la kwanza. La pili aliuliza, kwa sababu Cheche tunamkuta tayari ana mke, ana studio, kivuko ameshavuka, na mgogoro wake ni wa wanawake. Mtu aliyekwishafika anacheza na alichonacho. Ningetoa chochote nione miaka mitatu ya nyuma, kabla hajawa na studio, amebeba kamera ya mtu.

Kabla ya hapo tulikuwa na Isidingo ya Afrika Kusini pale ITV, na sifa yake kwangu ni moja: watu walikuwa na pa kwenda asubuhi. Kuna mgodi, kuna kituo cha televisheni, mtu anafukuzwa kazi na inauma. Kaole, wa ITV pia, waliotulea sisi wote na kutupa kina Ray, Johari na Kanumba, kwenye Jahazi na Dira na Baragumu, walikuwa na sebule. Nasema kwa mapenzi. Sebule, makochi, maua ya plastiki, mtu anaingia, anakaa, anapewa habari mbaya. Tulikuwa tunajua nyumba ikiazimwa mara ya pili kwa mapazia yake. Sababu si uvivu wa akili. Kupiga picha ndani ni rahisi, taa inatosha, hakuna pikipiki inayopita kuharibu sauti, na mwenye nyumba nzuri ndiye anayekubali kuiazima, tena anafurahi ionekane. Hivyo kila mtu kwenye tamthilia akajikuta anakaa kwa tajiri. Uchumi wa utayarishaji ukawa uchumi wa wahusika, na sisi watazamaji tukalishwa kwamba ujana ni kuwa na sebule kubwa na matatizo ya mapenzi.

Na hii inanipeleka kwa Maria. Usinicheke. Maria ya Citizen, ya kina Lulu Hassan na Rashid Abdalla, ilipotoka 2019 ilivuka Namanga ikaja mpaka kwetu kwa simu za watu, na mpaka inaisha 2021 nilikuwa nafuatilia bila kusukumwa. Umbo lake ni la Mexico, lilelile la Los ricos también lloran ya 1979: msichana maskini anaingia jumba la tajiri, mtoto wa tajiri anampenda, jumba zima linawaka moto. Maria ni wa mtaa wa mabanda, ana mdomo, ana ngumi, ana kofia ameigeuza nyuma. Jumba ni la akina Hausa. Kijana ni Luwi. Mama alilia, mdogo wangu alilia, na mimi nilikwenda uani kuangalia kama mvua inakuja.

Swali la kodi hapa halina kazi, nyumba ni yao. Lakini usiku mmoja nilishtuka nikakaa wima. Luwi anakaa kwa baba yake! Mwanamume mzima, ana gari, ana mchumba, anakula mezani kwa mama yake, analala chumba alichopewa na baba. Na si yeye tu, jaribu kuhesabu tamthilia zote za majumba, za Mexico, za Uturuki, za Ufilipino, za kwetu: wote wanakaa nyumbani kwao, vizazi vitatu meza moja. Hakuna hata siku moja ambayo mtumishi alinong'ona jikoni kwamba yule ni kula kulala. Kitendo ni kimoja, majina mawili, na kinachotofautisha ni idadi ya vyumba. Nadhani ndiyo siri ya sisi kuyapenda majumba haya. Tunaangalia ndoto ya kubaki kwa wazazi bila aibu.

Kwa msichana ngazi ni moja tu. Mdogo wangu ana miaka 26, anauza keki za oda kwa simu, anachangia LUKU kuliko mimi. Yeye haitwi kula kulala. Anaulizwa, "Mwanangu, kwani vipi, hatuli pilau?" Na tamthilia zinamjibia: Maria anatoka mabandani kwa moyo wa Luwi, na vipaji vyake vyote, mdomo wake, ngumi zake, vinakuwa mahari tu. Mwandishi gani atamwonyesha msichana anayepanga chumba cha kwake na kuwa hadithi imefika mahali? Si mwisho, mahali tu.

Nilisema sitajificha, basi niseme na hili. Miaka minne iliyopita niliandika mswada wa mchezo. Kijana, digrii, sebule, godoro. Nikaupeleka kwa mtayarishaji mmoja, ofisi ina kapeti, nikasubiri kwenye benchi kutwa mbili. Akausoma mbele yangu, kurasa 12, akaufunga.

"Mdogo wangu, unaandika vizuri. Lakini hapa hamna tukio. Huyu kijana anangoja nini?"

"Anangoja, kaka."

Alicheka, si kwa ubaya. Akanishauri niweke mjomba tajiri kutoka Mwanza, anafika ukurasa wa tatu, anafariki ukurasa wa kumi, wosia umepotea. Nikarudi nyumbani. Nikamweka mjomba. Ilinichukua siku mbili na maneno yalikuwa yanakuja yenyewe kama maji ya bomba, jambo ambalo lilipaswa kunishtua. Nilipourudisha, mtayarishaji alikuwa amehama ofisi.

Sasa najua alichokuwa anasema kina ukweli nusu. Kungoja ni tatizo la fani kweli. Mchezo unataka mtu atende, na mtu anayengoja anaonekana hatendi. Kezilahabi kwenye Kichwamaji mwaka 1974 alikuwa na riwaya, angeweza kuingia kichwani mwa Kazimoto na kukaa humo. Kamera haiingii kichwani. Lakini nimekaa pale pembeni ya kochi nikaandika orodha ya mambo yaliyonipata mwaka jana, na ukiniambia si matukio nitabisha. Mchango wa harusi: rafiki mliosoma naye anakuingiza kwenye kundi la simu, na kila jioni mwekahazina anaweka orodha ya majina na ahadi, jina lako lina kistari, kesho lina kistari, keshokutwa waliokuwa na kistari mmebaki wawili, halafu mwenzako analipa. Kutumwa chumvi dukani mbele ya mwanamke uliyekuwa unamwambia wewe ni mshauri wa miradi. Baba kuacha kukuuliza. Hilo la mwisho lilitokea Jumanne moja, mezani, aliuliza kila juma kwa miaka 6, "Wale watu wamejibu?", na Jumanne ile hakuuliza, akaniomba nimsogezee pilipili. Mjomba wa Mwanza hata akifa mara tatu hawezi kunifanya nisikie nilichokisikia.

Wewe unayeandika, najua upo, kwa sababu magazeti kama haya tunayasoma wenyewe kwa wenyewe, niletee hicho kistari kwenye skrini. Sijui kinapigwaje picha. Labda ni kidole gumba tu juu ya simu. Wachina wameweza kupiga picha namba mbili zinazokimbizana na nchi nzima ikakaa kuziangalia.

Juma lililopita tamthilia iliisha saa nne na nusu. Baba alikuwa ameshalala hapohapo kwenye kochi, miguu imefika ninapotandika, na sisi hatumwamshi. Mama akapunguza sauti, akaniuliza ule mchezo wangu umefika wapi. Nikamwambia nimeanza upya, mjomba nimemtoa.

"Na huyo kijana wako, kodi analipa nani?"

"Hajapanga, Mama."

"Sasa wanakaa wapi wakitaka kuzungumza na huyo mchumba wake?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nimeandika kurasa 9 na mchumba hajapata mahali pa kukaa. Nilimweka kituo cha daladala, mvua ikawa inanyesha tu bila sababu. Nikamhamishia kanisani, kwaya ikaingia. Ukurasa wa kumi bado mweupe.